Pezi Lisilo na Jina: Elimu ya Vinasaba na Magendo ya Papa

Tuchukue mfano wa askari aliye zamu katika ghala la bandari. Gunia limefunguliwa mbele yake, na ndani yake mna vitu vikavu, vyeupe, vyenye umbo la pembetatu na vigumu kama ngozi ya ngoma. Mwenye mzigo anasema kuwa ni mapezi ya papa, na hilo ni kweli. Anaongeza kuwa papa hao si wa aina iliyokatazwa, na hilo huenda likawa kweli au uongo. Askari anayageuza, anayanusa, anayalinganisha. Lakini pezi lililochunwa ngozi na kupaushwa kwa dawa halisemi lilitoka kwa papa gani. Sheria anayo, mamlaka anayo, na mtuhumiwa yu mbele yake. Hata hivyo hana la kuandika katika jalada.

Kwa muda mrefu hiyo ndiyo iliyokuwa hali katika bandari nyingi za dunia. Sheria ya kuwalinda papa na taa ilikuwa na meno, lakini haikuwa na macho. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi elimu ya vinasaba ilivyoipatia sheria hiyo macho, na pia mipaka ya macho hayo. Inafaa askari na polisi waijue mipaka hiyo, kwa kuwa mtu anayepewa silaha asiyoifahamu huenda akajidhuru mwenyewe kabla hajamdhuru adui.

MKATABA NA ORODHA ZAKE

Tarehe 3 Machi 1973, huko Washington, mataifa yalitia sahihi mkataba wa kimataifa wa kusimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 1 Julai 1975, na Uganda ilijiunga nao mwaka 1991. Nguvu yake imo katika orodha. Kiumbe aliyeandikwa katika Orodha ya Kwanza haruhusiwi kuuzwa nje ya nchi kwa ajili ya biashara. Aliyeandikwa katika Orodha ya Pili anaweza kuuzwa, lakini kwa kibali tu, na kibali hicho hakipaswi kutolewa mpaka serikali ya nchi anakotoka iridhike kwamba biashara hiyo haitaangamiza kizazi chake.

Kwa miaka mingi orodha hizo ziliwajali zaidi tembo, faru, chui na kasuku. Samaki wa baharini walikumbukwa baadaye. Mwaka 2002 potwe, ambaye katika pwani ya Kenya huitwa papa shilingi, aliingizwa katika Orodha ya Pili. Mwaka 2004 akafuata papa mkubwa mweupe. Mwaka 2007 papa upanga, yule mwenye pua ndefu yenye meno pande zote mbili kama msumeno, walianza kuingizwa katika Orodha ya Kwanza. Mwaka 2013, katika mkutano wa Bangkok, waliongezwa papa pingusi wa aina tatu, ambao vichwa vyao vimetanuka mfano wa nyundo, pamoja na papa wa bahari kuu mwenye ncha nyeupe za mapezi, na wale taa wakubwa waitwao manta. Mwaka 2016 ikawa zamu ya papa mwenye ngozi laini kama hariri na wale wenye mkia mrefu kama mjeledi. Mwaka 2019 wakaongezwa papa mako.

Hatua kubwa kuliko zote ilichukuliwa Panama mwaka 2022. Huko mataifa yaliamua kuiweka jamii nzima ya papa ambao ndio wengi katika biashara ya mapezi chini ya Orodha ya Pili, na uamuzi huo ukaanza kutumika Novemba 2023. Mwishoni mwa mwaka 2025, katika mkutano wa Samarkand nchini Uzbekistan, wajumbe walikubaliana kuwapandisha potwe, manta na papa mwenye ncha nyeupe kutoka Orodha ya Pili hadi Orodha ya Kwanza.

Msomaji ataona kwamba kila mkutano uliongeza majina. Lakini jina lililoandikwa katika kitabu cha sheria halimsaidii askari ikiwa hawezi kulisoma katika mzigo ulio mbele yake.

KWA NINI PAPA WALINDWE

Huenda mtu akauliza: samaki si samaki tu? Mbona hatuandiki mikataba kwa ajili ya dagaa?

Jibu limo katika uzazi. Sangara mmoja mkubwa wa Ziwa Victoria aweza kutaga mamilioni ya mayai. Papa hafanyi hivyo. Aina nyingi za papa hukomaa polepole, baadhi yake baada ya miaka zaidi ya 10, kisha huzaa watoto wachache baada ya kubeba mimba kwa muda mrefu. Taa manta huzaa mtoto mmoja kwa kawaida, na aweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Kwa uzazi wake papa ni ndugu wa tembo kuliko ndugu wa dagaa. Akivuliwa kwa kasi ya dagaa, hana njia ya kujaza pengo lake.

Hesabu zinathibitisha hayo. Mwaka 2006 mtafiti Shelley Clarke na wenzake, baada ya kuchunguza daftari za mnada wa Hong Kong, walikadiria kwamba mapezi yaliyokuwa yakiuzwa duniani yalitoka kwa papa kati ya milioni 26 na milioni 73 kila mwaka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa papa na taa wa bahari kuu walikuwa wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Mwaka huo huo wataalamu walikadiria kuwa karibu theluthi moja ya aina zote za papa, taa na jamaa zao wamo hatarini kutoweka.

PEZI LILILOPOTEZA JINA

Papa akiwa mzima si vigumu kumtambua. Mvuvi wa Lamu au wa Mafia aweza kumtaja kwa kumtazama mara moja. Hata pezi bichi la mgongoni, likiwa bado na ngozi, lina alama zake: la pingusi ni refu na jembamba, la yule wa bahari kuu lina ncha nyeupe ya mviringo. Wataalamu wametayarisha vitabu vya picha, na maofisa wa forodha wa nchi kadhaa wamefundishwa kuvitumia.

Taabu huanza pezi linapotengenezwa. Likishakaushwa, likachunwa, likapaushwa na kukatwa vipande, alama zote hufutika. Nyama nayo ikishakatwa na kutiwa chumvi huwa ng'onda tu, na mafuta ya ini yakishatiwa katika chupa huwa mafuta tu. Hapo ndipo mlanguzi anapopata kichaka chake. Anachanganya mapezi ya aina iliyokatazwa na ya aina iliyoruhusiwa, anaandika jina moja katika hati, na kuusafirisha mzigo.

Jambo la kushangaza ni kwamba wafanyabiashara wenyewe hawakuwa na kiza hicho. Katika maghala ya Hong Kong mapezi yaligawanywa kwa majina ya Kichina kufuata ubora na bei yake. Watafiti walipoyapima mapezi hayo mwaka 2006, waligundua kuwa majina hayo ya sokoni yalilingana kwa kiasi kikubwa na aina halisi za papa. Kwa maneno mengine, muuzaji alijua anachouza na mnunuzi alijua anachonunua. Aliyekuwa gizani ni mlinzi wa sheria peke yake.

MTOTO WA NYOKA NI NYOKA

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Elimu ya vinasaba yaweza kusemwa kuwa ni ufafanuzi mrefu wa methali hiyo. Kila kiumbe hai ameumbwa kwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na ndani ya kila chembe mna maandishi ya urithi aliyopokea kutoka kwa wazazi wake. Maandishi hayo yana herufi nne tu, zilizopangwa moja baada ya nyingine kwa utaratibu maalumu. Utaratibu wa herufi za papa pingusi hautofautiani na wa pingusi mwenzake ila kwa uchache, lakini unatofautiana na wa papa wa buluu kwa kiasi cha kutosha kuwatenganisha. Nao umo katika kila kipande cha mwili: katika nyama, katika ngozi, katika pezi. Dawa ya kupaushia yaweza kuondoa rangi ya pezi, lakini haiwezi kulibadilisha likawa la papa mwingine.

Mwaka 2003 Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada alipendekeza kwamba kipande kifupi cha maandishi hayo, chenye herufi 650 hivi, kitumiwe kama alama ya kuwatambulisha wanyama wote, mfano wa namba ya gari. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Mahmood Shivji na wenzake huko Florida walikuwa wamekwisha kutayarisha kipimo cha kutambua papa kadhaa wa bahari kuu kutokana na vipande vya miili yao.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kipande cha pezi, kidogo kama punje ya mchele, hutiwa katika dawa inayoyatoa maandishi ya urithi kutoka katika chembe zake. Kisha hutiwa katika mashine inayopasha moto na kupoza kwa zamu, na kila zamu idadi ya nakala za maandishi yanayotafutwa huongezeka maradufu. Moja huwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Baada ya zamu 30 nakala moja imezaa zaidi ya bilioni moja. Hapo maandishi husomeka, na kulinganishwa na yale ya papa wanaojulikana ambayo yamehifadhiwa katika kumbukumbu za wataalamu.

Ni kweli kwamba dawa na jua huyakatakata maandishi hayo. Lakini mwaka 2015 watafiti walionyesha kuwa hata kipande kifupi zaidi cha alama hiyo chatosha kutaja aina ya papa katika mapezi yaliyokwisha kutengenezwa, na hata katika supu iliyokwisha kupikwa. Njia ya mwongo ni fupi, na sasa imezidi kufupishwa.

SOKO LA HONG KONG

Hong Kong imekuwa kwa miaka mingi mlango mkuu wa biashara ya mapezi duniani, na kwa sababu hiyo ndipo elimu hii ilipojaribiwa kwa bidii zaidi. Kati ya mwaka 2014 na 2015 watafiti walinunua madukani vipande vidogo vinavyobaki baada ya mapezi kukatwa, ambavyo huuzwa kwa bei nafuu. Walivipima karibu 4,800. Walikuta humo aina zisizopungua 76 za papa, taa na jamaa zao, na karibu theluthi moja ya aina hizo zilikuwa hatarini. Pingusi na papa mwenye ngozi ya hariri walikuwa miongoni mwa waliopatikana kwa wingi. Kwa mara ya kwanza soko lote likawa limesomwa kama daftari, bila ya kumsihi mfanyabiashara yeyote aseme kweli.

Hata hivyo uchunguzi wa mtaalamu unaotoa majibu baada ya miezi haumfai askari aliye zamu. Shehena haiwezi kushikiliwa bandarini hivi hivi. Mwenye mali atakwenda mahakamani, na hakimu atauliza sababu. Ndipo mwaka 2018 Diego Cardeñosa na wenzake walipotangaza kipimo kinachoweza kufanyiwa bandarini penyewe kwa mashine ya kubebeka. Kipimo hicho kiliweza kutambua aina 9 kati ya 12 za papa waliokuwa wameorodheshwa wakati huo, kwa muda usiofika saa nne, na kwa gharama ya vifaa isiyofika dola moja ya Marekani kwa kila sampuli. Hakimalizi kesi, kinampa askari sababu halali ya kuuzuia mzigo mpaka uchunguzi kamili ufanywe. Tofauti hiyo kati ya shaka na sababu ndiyo tofauti kati ya mlanguzi kukamatwa na mlanguzi kuondoka huku akicheka.

Adhabu nayo ilikwisha kuongezwa. Tangu Mei 2018 sheria ya Hong Kong inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10 na faini ya hadi dola milioni 10 za Hong Kong kwa wanaofanya magendo ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2020 forodha ya huko ilikamata makontena mawili kutoka Ecuador yakiwa na tani 26 za mapezi, yaliyokadiriwa kutoka kwa papa 38,500. Mwaka 2021 makosa hayo yakaingizwa katika sheria inayohusu magenge ya wahalifu, ambayo huwawezesha polisi kufuata fedha pamoja na mali.

KUJUA MAHALI ALIPOZALIWA

Kutaja aina ya papa ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili, ambayo kwa mpelelezi ni muhimu zaidi, ni kujua alivuliwa wapi.

Katika chembe za kiumbe mna sehemu ya maandishi inayorithiwa kutoka kwa mama peke yake. Baadhi ya papa, pingusi wakiwamo, wana tabia ya majike kurudi kuzaa katika pwani zile zile. Kwa hiyo, baada ya vizazi vingi, ukoo wa mama katika pwani moja huwa na maandishi yanayotofautiana kidogo na ya pwani nyingine. Mwaka 2009 Demian Chapman na wenzake walitumia jambo hilo kupima mapezi 62 ya pingusi yaliyotoka katika soko la Hong Kong. Waliona kwamba asilimia 21 ya mapezi hayo yalitoka kwa papa wa upande wa magharibi wa Bahari ya Atlantiki, ambako pingusi walikuwa wamekwisha kupungua sana. Mzigo uliopita katika mikono ya watu wengi, ukavuka bahari mbili, bado uliweza kutaja kwao.

Njia hii si ngeni katika sehemu zetu. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington alikusanya mavi ya tembo kutoka pande nyingi za Afrika, akachora ramani ya vinasaba vyao, kisha akazipima pembe za ndovu zilizokamatwa bandarini na kueleza tembo hao waliuawa wapi. Akaenda mbali zaidi: aligundua kuwa mara nyingi pembe mbili za tembo mmoja zilitenganishwa na kutiwa katika shehena mbili tofauti. Kwa kuzikutanisha pembe hizo pacha, aliweza kuonyesha kwamba shehena zilizodhaniwa kuwa za watu mbalimbali zilitoka katika mkono mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha magenge matatu makubwa yaliyosafirisha pembe kati ya 2011 na 2014: moja likipitishia Mombasa, la pili Entebbe, na la tatu Lomé. Asiye na bahari asijidanganye kuwa magendo hayamhusu; jina la Entebbe liliandikwa humo.

MELI ILIYOKAMATWA GALÁPAGOS

Kuna kisa ambacho kila mwanajeshi atakielewa. Mwezi Agosti 2017 wanamaji wa Ecuador waliisimamisha meli ya Kichina iitwayo Fu Yuan Yu Leng 999, iliyokuwa ikipita bila ruhusa katika hifadhi ya bahari ya visiwa vya Galápagos. Katika vyumba vyake vya barafu mlijaa papa. Mabaharia 20 walifikishwa mahakamani, nahodha akahukumiwa kifungo cha miaka minne, na faini ikapita dola milioni 5 za Marekani.

Wataalamu walipoukagua mzigo walihesabu papa 7,639. Hawakuweza kuwapima wote, kwa hiyo walichukua sampuli ya papa 929, sawa na asilimia 12. Humo walikuta aina 12, na aina 8 kati yake zilikuwa katika orodha za mkataba. Katika aina nne waliokuwa wengi ni wachanga, ambao hawajawahi kuzaa.

Hapa pana funzo la mgawanyo wa kazi. Vinasaba havikuisimamisha meli ile. Waliisimamisha wanamaji waliokuwa macho. Lakini laiti kazi ingalikomea kwenye kukamata, dunia ingalijua tu kwamba meli fulani ilikamatwa na samaki. Kwa kuwa mzigo ulikaguliwa kitaalamu, ilijulikana ni samaki gani, wa umri gani, na kizazi gani kilikuwa kikiangamizwa.

MIPAKA YA ELIMU HII

Sasa tuigeukie mipaka. Ya kwanza ni kwamba vinasaba hutaja aina ya mnyama, havitaji uhalali wake. Pezi la papa aliye katika Orodha ya Pili laweza kuwa halali kabisa likiwa na kibali. Mpimaji akisema "huyu ni pingusi", bado polisi ana kazi ya kuuliza: kibali kiko wapi, kimetolewa na nani, na je, uzito ulioandikwa unalingana na uzito ulio mezani? Na tangu Novemba 2023, ambapo papa wengi wanaouzwa wameingia chini ya mkataba, swali la kibali limekuwa zito zaidi. Hapo vinasaba husaidia kwa namna mbili: kuonyesha kama mzigo umetoka katika bahari iliyotajwa katika hati, na kufichua pezi la Orodha ya Kwanza lililofichwa katikati ya mapezi yenye kibali.

Mpaka wa pili ni kumbukumbu. Pezi haliwezi kutambuliwa ikiwa mwenzake hajapata kupimwa. Kuna pwani ambazo papa na taa wake hawajachunguzwa vya kutosha, na huko mpimaji aweza kusema aina asiseme mahali. Kazi ya kukusanya sampuli katika mialo ya wavuvi huonekana ndogo, lakini bila ya hiyo mashine ya bandarini ni kama askari asiye na ramani.

Mpaka wa tatu ni wingi. Kontena moja laweza kuwa na maelfu ya mapezi, na hakuna atakayeyapima yote. Kwa hiyo sampuli lazima ichukuliwe kwa utaratibu, kutoka juu, katikati na chini, si kutoka katika magunia yaliyo karibu na mlango, ambayo mlanguzi hodari hujua yatafunguliwa kwanza.

Mpaka wa nne unamhusu askari mwenyewe. Sampuli ikishikwa kwa mkono uliotoka kushika mzigo mwingine, yaweza kubeba vinasaba vya mzigo huo. Mfuko ukikosa lakiri, saa ikikosa kuandikwa, au sahihi ya aliyepokea ikikosekana, wakili wa mshitakiwa hatahangaika kubishana na elimu ya urithi. Atauliza swali moja tu: mna hakika gani kwamba pezi lililopimwa ndilo lililokamatwa? Mbele ya swali hilo chuo kikuu kizima chaweza kushindwa kwa sababu ya koplo mmoja aliyesahau kuandika. Glavu safi, kisu kilichosafishwa, mfuko wenye namba, na daftari lisilo na pengo: hivyo ndivyo vinavyoipa mashine ya mamilioni thamani yake.

NANI AKAMATWE?

Linabaki jambo gumu kuliko yote, nalo si la mashine bali la haki. Katika pwani ya Afrika Mashariki papa si anasa. Ng'onda ya papa imeliwa na watu wa pwani tangu zama za majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni yakiwa yameibeba. Mvuvi mwenye ngalawa na wavu uliochakaa hachagui nani aingie wavuni. Nyama huliwa nyumbani kwake au huuzwa jirani, na pezi humwendea mnunuzi anayekuja na fedha taslimu.

Kipimo cha vinasaba kikipelekwa kwa mvuvi huyo kwanza, kitajaza mahabusu watu maskini, na biashara itaendelea. Kikipelekwa kwa mwenye ghala anayekusanya kutoka ngalawa mia, kwa wakala anayeandika hati, na kwa mwenye kontena, kitagusa mahali fedha inapokutana. Mkataba wa mwaka 1973 unasimamia biashara baina ya mataifa. Haukuandikwa kwa ajili ya sufuria ya mvuvi. Papa aliyekatazwa kuvuliwa na sheria ya nchi ni jambo la sheria ya nchi, na ifuatwe. Lakini mpelelezi anayetaka kuukata mti huanzia shina, haanzii kuchuma majani.

Isitoshe, mvuvi ndiye shahidi bora. Yeye ndiye anayejua ni mwezi gani pingusi wadogo huonekana karibu na pwani, na ni chombo gani kigeni kilichopita usiku. Askari akimfanya adui, amejipofusha tena baada ya elimu kumpa macho.

WAJIBU WA NCHI ISIYO NA PWANI

Msomaji aliye Gulu, Mbarara au Kasese aweza kusema kuwa papa hajapata kuonekana katika Mto Nile. Ni kweli. Lakini mlanguzi hafuati ramani ya wanyama, hufuata ramani ya vizuizi. Panapokazwa ulinzi katika bandari, atatafuta uwanja wa ndege. Panapokazwa uwanja wa ndege, atatafuta mpaka wa nchi kavu. Na njia iliyopitisha pembe za ndovu yaweza kupitisha magamba ya kakakuona leo na mapezi kesho, kwa kuwa hati za uongo ni zile zile na rushwa ni ile ile.

Kwa hiyo funzo la mapezi ya papa ni pana kuliko bahari. Ni kwamba mzigo usio na jina si mzigo usio na ushahidi. Nyama iliyokaushwa, ngozi iliyochunwa, unga wa magamba, kipande cha ubao: vyote vimebeba maandishi ya urithi, na mahakamani maandishi hayo hayatishwi wala hayahongwi. Binadamu ndiye awezaye kuhongwa, na hapo ndipo elimu hii inapokoma na nidhamu inapoanza. Mashine itasema pezi ni la nani. Haitasema kama askari alilichukua, akalitia lakiri na kuliandika, au kama aligeuza uso akaliacha lipite.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kwa papa na taa ufa umekuwa mpana, na ukuta wa kujengwa ni mrefu. Tofali mojawapo ni yule askari wa ghala tuliyeanza naye. Gunia limefunguliwa mbele yake. Safari hii analo la kuandika katika jalada: tarehe, saa, namba ya mfuko, na majina ya mashahidi. Jina la papa litafuata.